Mtoto ana Lyme na leo kaamka na dalili mpya: maswali ya wazazi na majibu

Hii nawaandikia wazazi wanaoongea Kiswahili mnaoishi huko ambako Lyme ipo kweli, Maine, Massachusetts, Pennsylvania, Minnesota, Wisconsin, na Ulaya pia Ujerumani na Sweden. Wengi wetu hatukuukulia ugonjwa huu, ndo maana dalili mpya ikitokea unabaki umeshika simu hujui umpigie nani.

Lyme ni nini hasa?

Ni bakteria anaitwa Borrelia burgdorferi, anaenezwa na kupe mdogo sana, yule mchanga wake ni kama mbegu ya mchicha, anajificha kwapani, nyuma ya goti, hata kwenye nywele. Tanzania tunaijua homa ya papasi, bakteria wake ni wa ukoo huo huo lakini huo ni ugonjwa mwingine, usichanganye. Jina limetoka mji wa Lyme kule Connecticut, miaka ya 1970 watoto wengi wa eneo hilo walikuwa wanavimba magoti wakaambiwa ni baridi yabisi ya watoto, na waliokataa jibu hilo ni akina mama, walisema haiwezekani watoto wengi hivi sehemu moja. Uchunguzi ukaanza 1975, na bakteria mwenyewe akaja kuonekana 1981 na Willy Burgdorfer. Kwa hiyo mzazi ukiona kitu kwa mwanao usikubali kunyamazishwa.

Ameanza antibiotiki jana, usiku homa imepanda na anatetemeka. Dawa imemkataa?

Mara nyingi hapana. Bakteria wakianza kufa kwa wingi mwili unaweza kupandisha homa, baridi, maumivu ya misuli, na doa la Lyme kwenye ngozi likazidi kuwaka, ndani ya saa 24 za kwanza hivi, alafu inatulia yenyewe. Mpe maji, mpe dawa ya homa kwa kipimo cha uzito wake (aspirini hapana, mtoto hapewi), na usiache antibiotiki bila kuongea na daktari. Ila akitoka mabaka yanayowasha mwili mzima, midomo au ulimi ukavimba, akakoroma au kuhema kwa shida, hiyo ni aleji, piga 911 au kama uko Ulaya 112, sasa hivi.

Dalili gani zingine nisizisubirie hata asubuhi?

Hapa naomba usome taratibu. Ya kwanza ni moyo. Lyme inaweza kuingia kwenye umeme wa moyo, na mtoto hasemi "moyo wangu", anasema kizunguzungu, anasema kifua, au anakaa chini katikati ya mpira wakati sio kawaida yake. Akizimia, au akipumua kwa shida, au moyo unadunda ovyo au taratibu mno, ni ambulensi, na huko waambie ana Lyme ili wampime ECG (kipimo cha umeme wa moyo) haraka, maana moyo huu ukiwahiwa unatibika vizuri sana na ukichelewa unaweza kuua.

Ya pili ni kichwa. Kichwa kinauma vikali, shingo imekakamaa hawezi kuinamisha kidevu, mwanga unamuumiza, anatapika, au amelegea na kuchanganyikiwa, hiyo ni emajensi hata kama jana alikuwa anacheza. Na kama anatumia doxycycline (moja ya antibiotiki za Lyme) na ghafla kichwa kinauma sana na anaona vitu viwili viwili, nenda vilevile, dawa hiyo mara chache inaweza kupandisha presha ndani ya fuvu.

Uso umepinda upande mmoja, jicho halifungi. Bibi anasema ni upepo.

Mpeleke siku hiyo hiyo. Kwenye maeneo yenye Lyme hii ni sababu inayojulikana sana ya uso wa mtoto kupinda, saa ingine pande zote mbili. Watoto wengi sana hurudi kabisa kawaida, inachukua wiki kadhaa. Wakati huo jicho lile lisikauke, omba matone na ufundishwe kulifunika usiku. Bibi umheshimu lakini kuchua uso na kusubiri hapana.

Dawa alimaliza, sasa goti limevimba.

Arthritis ya Lyme (uvimbe wa viungo) inakuja wiki au miezi baada ya kupe, na cha ajabu goti linakuwa kubwa sana lakini mtoto bado anatembea anachechemea. Daktari anaweza kuvuta maji ya goti ayapime na kumpa antibiotiki, kawaida siku 28. Uvimbe unaweza kubaki muda hata bakteria wakiisha, hapo ndo mnatumwa kwa daktari wa viungo. Sasa kama mtoto ana homa, kiungo ni cha moto na hataki kukanyaga kabisa wala kuguswa, hilo linaweza kuwa usaha ndani ya kiungo, usilale nalo, unaharibu mfupa.

Siku ya tatu ya dawa na homa bado iko juu.

Rudi. Kupe huyo huyo anaweza kuwa amemwachia vitu viwili. Kuna anaplasma, bakteria mwingine, na amoxicillin, antibiotiki nyingine ya Lyme, haimgusi kabisa. Kuna babesia, kimelea anayeingia kwenye chembe nyekundu za damu kama malaria inavyofanya, hata kwenye darubini vinafanana, na huyo doxycycline haimtoshi. Na hili naliweka wazi kabisa, kama mmetoka likizo Kigoma, Kisumu, Goma au Bujumbura miezi ya karibuni, sema hilo kabla ya kitu kingine chochote. Daktari wa huko akishaona neno Lyme kwenye faili anaweza asiifikirie malaria, na malaria ya mtoto haisubiri.

Kwa kweli hofu yangu kubwa ndo hiyo, kila kitu kubandikwa Lyme. Mtoto mwenye Lyme anaweza kupata kidoletumbo, nimonia, au UTI kama mtoto yeyote yule, kwa hiyo tumbo likiuma upande wa kulia chini na linazidi, usijiambie ni ile Lyme tu.

Doa kwenye ngozi nyeusi linaonekanaje?

Picha nyingi ni za ngozi nyeupe, duara jekundu ndani ya duara. Kwetu linaweza kuonekana kama alama ya kugongwa, zambarau au kahawia, au ngozi tu imekuwa nyeusi zaidi na ina joto, ndo maana watu weusi wanachelewa kugundulika. Madoa mapya yakitokea sehemu kadhaa maana yake ugonjwa unasambaa, piga picha kwenye mwanga wa dirishani, weka sarafu pembeni, rudia kesho.

Apimwe damu tena kuona kama amepona?

Haisaidii. Kipimo kinaangalia antibodi na hizo zinaweza kubaki miaka. Na wiki za mwanzo kinaweza kusema hasi wakati mtoto anaumwa.

Amepona lakini anachoka, shule hataki.

Mwamini. Kuna watoto uchovu na maumivu yanabaki miezi, wengi wanazidi kupata nafuu taratibu. Muulize daktari pia upungufu wa damu, usingizi, na kama ana huzuni. Ila wanaokuuzia antibiotiki za miezi na miezi au dripu za bei kubwa waogope, tafiti zimefanyika, hazikuonyesha faida ya kudumu na zimeumiza watu.

Kiingereza changu ni cha kuungaunga, nikifika ER (emajensi ya hospitali) nisemeje?

Omba mkalimani wa Kiswahili, Marekani hospitali karibu zote zinatakiwa kukupa bure, na emajensi haziruhusiwi kukufukuza kwa sababu huna bima. Usimfanye kaka yake wa miaka 12 kuwa mkalimani, atapunguza maneno ili usiogope. Beba chupa ya dawa, na karatasi yenye vitu hivi: siku mliyomwona kupe au doa, dawa ilianza lini na dozi gani, dalili mpya imeanza saa ngapi, joto lilifika ngapi, safari mlizofanya. Wakikuruhusu kurudi nyumbani uliza, nikiona nini usiku huu nirudi? Waombe wakuandikie.