Joker hakuwahi kuwa mtu halisi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye makundi ya WhatsApp: eti Joker wa kwenye filamu ya mwaka 2019 aliishi kweli Marekani, maskini mwenye maradhi ya akili aliyenyanyaswa mpaka akageuka muuaji. Si kweli.

Joker ni mhusika wa kubuni. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1940, katika toleo la kwanza la jarida la katuni la Batman, shujaa wa kubuni anayepambana na wahalifu: uso mweupe, nywele za kijani, anaua huku akitabasamu, na hakuna aliyeelezwa katoka wapi. Mwaka 1951 ndipo wasomaji wakaambiwa alijitosa kwenye taka za kemikali akimkimbia Batman. Mwaka 1988, katika kitabu kingine cha katuni, akawa mchekeshaji aliyeshindwa, na humo humo anasema maisha yake ya nyuma huyakumbuka hivi leo, vile kesho. Filamu ya 1989 ikamwita Jack Napier, ya 2019 Arthur Fleck. Linganisha mwenyewe, ni historia gani ya mtu mmoja hiyo?

Mkanganyiko unaeleweka. Gotham, jiji anamoishi Joker, ni la kubuni, lakini zile ngazi anazocheza dansi juu yake kwenye filamu ya 2019 ziko kweli Bronx, New York, na watu huenda kupiga picha pale.

Kinachoniuma zaidi ni wagonjwa wa akili kuogopwa kwa ajili ya katuni, ilhali wengi wao hawamdhuru mtu, na mara nyingi wao ndio wanaodhuriwa. Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mweleze kwa upole aliyekutumia.