Mjeledi na maziwa: namna ninavyosoma riwaya za wajakazi

Kila ninapofundisha *Beloved*, riwaya ya Toni Morrison ya 1987, darasa hukwama mahali pamoja. Sethe, mjakazi aliyetoroka, anamsimulia Paul D yaliyompata shambani Kentucky akiwa mjamzito: vijana wawili walimkamata wakamnyonya maziwa aliyomwekea bintiye mchanga. Alipomweleza bibi mwenye shamba, alichapwa hadi mgongo ukafanya kovu lenye umbo la mti. Paul D anashtushwa na mjeledi. Sethe anarudia tu kwamba walichukua maziwa yake.

Wanafunzi wengi husoma kama Paul D. Naye alikuwa mtumwa, mjeledi anaujua.

Hapa ndipo ufeministi wa makutano, unaosoma rangi na jinsia kwa pamoja, unapohitajika. Mwaka 1989 mwanasheria Mmarekani Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi ya wanawake weusi walioshtaki kampuni ya magari. Mahakama iliwakatalia kuunganisha rangi na jinsia katika dai moja, ilhali kampuni iliajiri wanawake, ila weupe, na weusi, ila wanaume. Wengi huigeuza hoja yake kuwa hesabu: mweusi, jumlisha mwanamke, mateso mara mbili. Sivyo: ni dhuluma ya aina yake. (Kiswahili kinatusaidia: mjakazi, yaani mtumwa wa kike, ana jina lake, si mtumwa aliyeongezewa kitu.)

Sheria ya Virginia ya 1662 iliamua kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Basi bwana akimbaka mjakazi wake, mtoto ni mali ya bwana. Uzazi ukawa mtaji. Ukilijua hilo, maziwa ya Sethe hayawi tena tukio la kando ya kipigo. Yanakuwa uchumi wenyewe wa shamba, na kumnyonyesha mwanawe kunakuwa kudai kilicho chake.

Na bibi mwenye shamba? Anatokwa machozi. Mimi nayaamini machozi hayo, ila aliaye bado ndiye mmiliki. Nikisikia darasani neno “udada”, kwamba wanawake wote ni kitu kimoja, humrudisha msomaji kwenye ukurasa huo.

Morrison alianzia kwa Margaret Garner, mjakazi aliyeishi kweli, aliyetoroka Kentucky na familia yake Januari 1856 akivuka mto Ohio ulioganda. Walipozingirwa, alimuua bintiye asirudishwe utumwani. Wakili wake alitaka ashtakiwe kwa mauaji huko Ohio, kwa kuwa hapo angehesabiwa mtu, si mali ya kurudishwa. Anayeua ni mtu. Aliamuliwa arudi kwa bwana wake.