Mama mnene hamaanishi mtoto mwenye afya

Mtaani bado inasemwa kwamba bibi harusi akinenepa ametunzwa, na akishika mimba atazaa mtoto mwenye siha. Sivyo. Mwanamke wa kilo 78 na urefu wa mita 1.58 ana BMI (kipimo cha uzito kulingana na urefu: kilo zikigawanywa kwa mita za urefu mara zenyewe) ya 31, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri. Kwake hatari ya kisukari cha mimba, kifafa cha mimba na kujifungua kwa upasuaji huongezeka.

Yule mtoto wa kilo nne na nusu anayeshangiliwa wodini huenda alinenepeshwa na sukari ya mama. Tumboni kongosho lake lilizoea kutoa insulini nyingi, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Kitovu kikishakatwa, sukari ya mama haiji tena lakini insulini bado ipo, hivyo sukari yake yaweza kushuka ndani ya saa chache. Ndiyo maana hutobolewa kisiginoni apimwe, na hunyonyeshwa mapema.

Wembamba wa BMI ya chini ya 18.5 nao huongeza uwezekano wa kuzaa njiti, au mtoto asiyefika kilo 2.5.

Mimba ikishaingia, tafadhali usijinyime chakula ili upungue. Wahi kliniki, upimwe presha na sukari.