Kulala katika nyumba ya kale ya Lamu: mambo ya kujua kabla ya kulipia chumba

Kazi yangu ni kukarabati nyumba za mawe, na wanaopanga safari ya Lamu huniuliza sana wafikie wapi. Jibu langu halibadiliki: fikia Mkomani, mtaa wa kale wa mji huo, ndani ya nyumba ya kale iliyofanywa nyumba ya wageni. Mji huu uliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001 kwa sababu ungali unakaliwa, na kulala humo ndiyo njia bora ya kuuelewa. Ila nyumba hizi zina taratibu zake, na mgeni asiyezijua huanza kulalamikia chumba ambacho hakina kosa lolote.

Lalamiko la kwanza huwa ni wembamba. Chanzo chake ni boriti. Dari limebebwa na miti ya mikoko, na boriti ya kutegemewa haivuki sana mita 3. Basi kuta mbili husimamishwa kwa kipimo hicho, na anayetaka nafasi hurefusha chumba, hakipanui. Juu ya boriti hupangwa vipande vya matumbawe, kisha hushindiliwa chokaa na kokoto. Kuta zenyewe zina unene wa karibu nusu mita. Ingia saa nane mchana, jua likiwa kali, utaona tofauti ya joto kabla hujatua mkoba.

Mpangilio nao una maana. Nje kuna daka, kibaraza cha mlangoni, lenye baraza za mawe pande mbili. Ukivuka mlango uko tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na hapo njia inapinda makusudi ili mpita kichochoroni asiwaone wenye nyumba. Karibu na hapo katika nyumba kubwa ndipo ilipo sabule, chumba cha mgeni. Mfanyabiashara aliyekuja na jahazi akingoja pepo zigeuke alilala humo, akala, akapokea watu wake, bila kuingilia faragha ya familia. Familia ilikaa upande wa pili wa kiwanda, yaani uwanja wa katikati ya nyumba usio na paa, katika misana, vyumba virefu vinavyoutazama uwanja huo, na ndani, chumba cha nyuma yake, kila chumba kikiwa juu kidogo kuliko kilichotangulia.

Huko ndani ndiko kwenye zidaka, safu za vishubaka vya ukutani, na naomba usizipite mbio. Kaa mbele yake asubuhi, mwanga unapoingia kutokea kiwandani. Zidaka za katikati ni kubwa, za pembeni zinapungua, na jicho linaona kina kikubwa kuliko kile ukuta ulicho nacho. Nakshi zake zilichongwa chokaa ikiwa bado mbichi, na ukitazama kwa ubavu utaona mahali kisu kilipogeuka. Usitundike nguo wala kuweka chupa ya maji humo. Chokaa hiyo ikimeguka, mafundi wa kuirudisha vizuri ni wachache.

Chooni unaweza kukuta birika la kale la maji lenye samaki wadogo. Wamewekwa ili wale viluwiluwi vya mbu. Chini pengine utaona bakuli la kaure lililojengewa sakafuni mwa birika: maji yakipungua, samaki hubaki hai humo.

Sasa jambo linaloniuma. Nyumba nyingi zimerekebishwa kwa saruji, kwa kuwa ni ya haraka na fundi wake hapotei. Matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na chokaa huviachia vitoke. Saruji huviziba. Baada ya muda lipu inavimba, inabanduka kwa mapande, na boriti zinaoza ndani ya ukuta bila mtu kujua. Pitisha kiganja ukutani: chokaa ni laini na ina mawimbi madogo, saruji ni kavu, imenyooka na ina baridi. Ukuta uliopakwa rangi ya plastiki na kutoka malengelenge karibu na sakafu umeshaanza kuugua.

Kuhusu mengine, mambo ni mepesi. Uwanja wa ndege uko Manda, unavuka kwa boti. Mizigo hubebwa kwa mkokoteni au punda, kwa kuwa vichochoro havipitishi gari. Adhana ya alfajiri utaisikia, misikiti iko karibu karibu. Staftahi huletwa juu ya paa, kwenye kivuli cha makuti: mahamri, mbaazi za nazi na chai ya iliki. Mwezi Mei mvua ni nyingi, na baadhi ya nyumba hufungwa.

Kabla ya kulipa, muulize mwenyeji swali moja: mara ya mwisho paa na kuta zilitengenezwa kwa kutumia nini, chokaa au saruji? Anayekujibu papo hapo, akakutajia na fundi wake, lala kwake hata kama bei yake imezidi kidogo ya jirani.