Kwa nini unakataliwa Azuma bila cheti

Malalamiko tunayopokea kutoka Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, yanafanana: "Dukani wameninyima Azuma na pesa ninayo." Tunapoelekea wiki ya matumizi sahihi ya antibayotiki, Novemba 18 hadi 24, naomba nieleze nikiwa mfamasia.

Azuma, antibayotiki ambayo jina lake la kitaalamu ni azithromycin, hulenga ribosomu ya bakteria, yaani kiwanda chake cha kutengeneza protini, na hasa inaposhika ni kwenye RNA, uzi wa "herufi" za kikemia unaojenga sehemu kubwa ya kiwanda hicho. Tumelijua hilo kwa kazi ya wanasayansi kama Ada Yonath, mzaliwa wa Jerusalem, 1939. Alipata fuwele za kwanza za ribosomu mwaka 1980, wakati wengi waliona haiwezekani kwa kuwa ribosomu huharibika upesi. Alitumia bakteria wanaostahimili joto kali, kisha viumbe vidogo vya Bahari ya Chumvi (wenyeji wa Uvinza wanayajua maji ya chumvi ya namna hiyo), akagandisha fuwele kwenye baridi kali mno ili eksirei isiziharibu. Umbo lenyewe lilikuja kuonekana vizuri mwaka 2000. Miaka 20 kwenye swali moja! Mwaka 2009 alipata Nobeli ya Kemia pamoja na Venkatraman Ramakrishnan na Thomas Steitz.

Dawa za jamii ya Azuma zilionekana zimekaa kwenye njia inayotokea protini mpya, zimeiziba. Baadhi ya bakteria sugu huweka kikundi kidogo cha methili (atomu chache tu) kwenye herufi moja tu ya RNA hiyo, na dawa inakosa pa kushika. Virusi vya mafua havina ribosomu kabisa, vinatumia za kwako. Sasa Azuma izibe nini? Tumelisema hili mara nyingi mno.

Ndiyo sababu dukani wanadai cheti, kuonyesha kwamba aliyekupima ameona unaihitaji kweli. Cheti kiwe na jina lako, umri, dawa, kipimo, idadi ya siku, tarehe, pamoja na jina na sahihi ya aliyekuandikia. Mtoa dawa atakisoma, ataandika matumizi kwenye pakiti na kuweka kumbukumbu. Cheti cha jirani hakikubaliki, na picha ya pakiti kwenye simu si cheti. Duka la dawa muhimu lina orodha yake ya antibayotiki. Isiyokuwemo, nenda famasi. Anayekiuka Sheria ya Famasi, Sura 311, anaweza kushtakiwa na kutozwa faini, na duka kufungwa. Tafadhali usimbembeleze akupe "viwili tu vya kuanzia".

Ukiwa na homa, kapime malaria kwanza, hata zahanati wanapima. Ukianza dozi ukatokwa vipele au ukaharisha sana, rudi kituoni na pakiti yako mkononi.