Gemu la vurugu ni gemu gani hasa?

Dada yangu alinitumia picha ya skrini ya gemu analocheza mwanae, jamaa wawili vifua wazi wanatwangana, chini kaandika "hili si ndo yale magemu ya vurugu wanayosema yanaharibu watoto?" Nikaanza kumjibu kwa mstari mmoja nikafuta, nikaanza tena nikafuta, maana nikisema ndio nitakuwa nimedanganya na nikisema hapana pia nimedanganya, shida iko kwenye hilo hilo neno "vurugu".

Hebu lisikilize kwanza. Vurugu kwa Kiswahili cha kila siku ni mambo kuvurugika, mgambo kavamia wamachinga meza zimepinduka, au timu imefungwa dakika ya 90 kwa penalti ya utata na chupa zinaanza kuruka. Mabondia wakizichapa ulingoni hatusemi wamefanya vurugu, tunasema wamepigana. Mtu akimchoma mtoto mikono kisa kadokoa nyama hiyo wala sio vurugu, huo ni ukatili. Na vita ni vita. Kiingereza kina neno moja, "violence", linabeba yote hayo, sisi tukalichukua tukalibandika "vurugu" na hapo ndo tulipojichanganya, wakati lugha yetu ilishatugawia mafungu bure kabisa.

Ukitaka maana fupi ni hii: gemu la vurugu ni gemu ambalo kazi yako kubwa humo ndani ni kumuumiza au kumuua mwingine kwenye skrini. Basi. Maana hiyo haikwambii unamuumiza nani, kwa sababu gani, wala mchezaji anabaki na nini akishazima TV. Kwa hiyo lazima uulize, ni kupigana, ni ukatili, ni vurugu yenyewe au ni vita?

Tuanze na kupigana maana ndo nilikokulia. Banda la PS (PlayStation) la mtaani kwetu lilikuwa na TV za chogo mbili, pedi ya pili kitufe cha duara kimezama ndani mpaka ukikandamize kwa kucha, na sheria moja tu, aliyepigwa anapisha. Gemu lilikuwa Tekken 3. Kulikuwa na Eddy Gordo, yule wa kapoera, ambaye hata mtoto wa darasa la pili akibonyeza bonyeza vitufe vya miguu bila mpango anamtoa mtu mzima, ikafika mahali kaka mwenye banda akapiga marufuku Eddy siku za Jumamosi kwa sababu watu walikuwa wanakaribia kupigana kweli. Na nyuma ya daftari langu la hesabu hakukuwa na hesabu, kulikuwa na mishale, mbele mbele chini, nyuma, kitufe gani kinafuata, kombo, yaani mfuatano wa vitufe, za Hwoarang, mpiganaji mwingine wa humo, kurasa nne. Tulikuwa tunazinakili usiku, tunabadilishana shuleni, moja nzuri unaweza ukaiuza kwa andazi. Mwalimu alilichana lile daftari. Sijamsamehe mpaka leo.

Sasa yule mtoto mwenye kurasa nne za mishale ndo anaitwa giki. Watu wanadhani giki ni mtu wa miwani minene asiyeongea na wasichana, ila maana yake hasa ni mtu aliyezama. Kitu ambacho wengine wanakipitia juu juu yeye anakishukia mpaka chini kwenye tope, anataka kujua kinafanyaje kazi, nani alikitengeneza, kimebadilika nini toka toleo lililopita, halafu anatafuta wenzake waliozama kama yeye wabishane mpaka alfajiri. Kwa Kiswahili shahada ya juu kabisa tunaiita ya uzamivu, basi giki ni mzamivu ambaye hakuna chuo kilichompa joho. Na kuna waliopata kula kwa njia hiyo, Sylvia Gathoni wa Kenya, wengi wanamjua kama Queen Arrow, alianzia huko huko kwenye kupigana na mwaka 2018 timu ya nje ikamsajili kucheza Tekken. Mtu amesajiliwa kama mchezaji wa mpira vile.

Fungu la ukatili ndo lilileta kelele zote hizi. Kelele zenyewe ni za zamani, mwaka 1976 huko Marekani kulikuwa na mashine ya gemu inaitwa Death Race, unaendesha gari unagonga vidude vyeupe kama vijiti, ukikigonga kinalia halafu panaota msalaba wa kaburi. Picha yenyewe mbovu hata hujui umegonga nini, na bado watu walikuja juu. Ila moto wenyewe uliwashwa na Mortal Kombat mwaka 1992. Pale ukimshinda mwenzio sauti inakwambia mmalize, ukijua vitufe mpiganaji anayeitwa Sub-Zero anamng'oa mtu kichwa na uti wa mgongo unaning'inia. Tofauti na Tekken ni hiyo tu, pambano limeshaisha, mtu kasimama anayumba, hawezi kujitetea, na wewe ndo unapewa nafasi. Kwa Kiswahili safi huo ni ukatili, wala sitetei, japo nakiri tulikuwa tunashangilia banda zima.

Maseneta wa Marekani wakaita kikao kuhojiana na makampuni, tarehe 9 Desemba 1993, Joe Lieberman na Herb Kohl mbele. Matokeo yake 1994 makampuni yakaunda ESRB, bodi ya kupanga gemu lipi linafaa umri gani, ndo zile herufi unaziona pembeni ya kasha, E ya kila mtu, T ya vijana, M ya miaka 17 kwenda juu. Ulaya wana yao, PEGI, inatumia namba tu. Ila cheki hii, kesho yake, tarehe 10 Desemba, wakati kikao bado kiko moto, vijana wa kampuni ndogo ya id Software huko Texas wakaachia Doom. Unatembea na bunduki unaua mashetani, damu ukutani, alama za kishetani sakafuni, yaani kama vile walikaa wakaorodhesha kila kitu mzazi hapendi.

Na hapa nitakaa kidogo maana Doom ndo gemu linaloonyesha ugiki na hii tunayoita vurugu vinavyokaa chumba kimoja. Kwanza sehemu yake ya kwanza waliitoa bure, chukua, nakili, mpe mwenzio. Pili, na hii ndo kubwa, waliliandika kwa namna kwamba ramani, picha na sauti viko kwenye faili lake la pembeni, hujagusa injini, yaani programu inayoliendesha gemu, kwa hiyo mtu yeyote mwenye subira anaweza kutengeneza steji yake. Kitu hicho ndo kinaitwa modi, gemu la mtu umelifungua ukaligeuza. Watoto waliokuwa wanaua mashetani jioni, usiku walikuwa wanachora majengo, wanapanga taa, wanajifunza kwa nini ukuta ukikaa hivi mchezaji anaogopa. Mwaka 1997 id wakaachia msimbo wa gemu, yaani maandishi ya programu yenyewe, na toka hapo magiki wa dunia nzima wana mashindano ambayo hayajaisha, kuichezesha Doom kwenye kitu ambacho hakikutengenezwa kuchezea gemu, kikokotoo, printa, mashine ya ATM. Ukitaka kuelewa giki ni nani mwangalie mtu aliyetumia wikendi nzima kuweka Doom kwenye printa, halafu muulize kwa nini. Atakushangaa wewe.

Tabia hiyo ya kufungua imezaa mengi. Counter-Strike, gemu la kurushiana risasi, ilianza 1999 kama modi ya vijana wawili juu ya gemu jingine, Half-Life. Na kiu ya picha nzuri za damu na moshi ndo iliyofanya watu wanunue kadi za grafiki, zile za kuchora picha kwenye kompyuta, miaka na miaka, zikawa na nguvu, zikawa bei ya mtu wa kawaida, mpaka mwaka 2012 watafiti wa Toronto wakachukua kadi mbili za kuchezea gemu, GTX 580, wakazifundisha kutambua picha, na mfumo wao AlexNet ukawaacha wengine mbali. Hii akili mnemba inayokuandikia barua ya kuomba kazi leo, ukifuata nyayo zake kurudi nyuma utakutana na mtoto anayemlilia baba yake amnunulie kadi ili mashetani waonekane vizuri.

Lakini modi haichagui mwenye mikono. Kikosi cha Marine cha jeshi la Marekani nacho mwaka 1996 kiligeuza Doom II, toleo la pili, kuwa zoezi la askari wake, na 2002 jeshi la nchi kavu likatoa gemu lake la bure, America's Army, shabaha ikiwa kuvuta vijana waje kujiandikisha. Hilo kwangu linatisha kuliko uti wa mgongo wa Mortal Kombat, kwa sababu pale mwisho wa gemu kuna fomu ya kweli.

Halafu kuna Columbine, shule ya sekondari huko Marekani. Aprili 20, 1999, wanafunzi wawili waliua wanafunzi wenzao 12 na mwalimu mmoja, wote wawili walikuwa wanacheza Doom na mmoja alikuwa anatengeneza steji zake. Toka siku hiyo kila mtu akiua shuleni swali la kwanza ni alikuwa anacheza gemu gani. Tatizo la swali hilo ni kwamba vijana karibu wote wanacheza, ni sawa na kuuliza kama muuaji alikuwa anavaa viatu.

Tafiti zinasemaje? Zinabishana, na ukijua zinapimaje utaelewa kwa nini. Huwezi kumchezesha mtu gemu maabara halafu ukasubiri aue, kwa hiyo wanatumia vitu mbadala, mfano wanamwambia kuna mtu chumba cha pili hapendi kabisa pilipili, haya mpimie sosi ya pilipili atakayokula. Akimpimia nyingi wanaandika, ana hasira. Sasa mimi shangazi yangu hajawahi kushika pedi na pilipili yake ungeihesabu kesi. Wapo waliokuta hasira inapanda kidogo, ila mwaka 2019 watafiti wawili wa Uingereza walichukua vijana kama elfu moja wa miaka 14 na 15, wakauliza na wazazi wao, hawakuona uhusiano. Chama cha wanasaikolojia cha Marekani chenyewe mwaka 2020 kikasema wazi ushahidi hautoshi kusema magemu ndo yanasababisha mauaji. Na mahakama ya juu kabisa ya huko ilishaifuta mwaka 2011 sheria ya California ya kuzuia kuwauzia watoto magemu haya, majaji saba kwa wawili, Jaji Scalia akikumbusha kwamba hata hadithi za watoto za zamani zina mchawi anachomwa kwenye tanuri. Sisi wenye zimwi linalomeza vijiji vizima na kupasuliwa tumbo tunaelewa alikuwa anasema nini.

Vurugu yenyewe hasa, ile ya mgambo na meza kupinduka, ni GTA (Grand Theft Auto), gemu la kuiba magari na kuvuruga mji, na hapo sina mengi, kila mtu kaiona. Nitasema tu kwamba wengi wetu kule intaneti kafe hatukuwahi kumaliza hata misheni tatu za San Andreas, moja ya matoleo yake, tulikuwa tunaandika neno la siri HESOYAM kupata hela na afya halafu tunaendesha baiskeli mlimani. Na mwaka 2005 gemu hilo lilipandishwa kutoka M mpaka la watu wazima tu, sio kwa sababu ya maiti zote zile, ni kwa sababu mtu wa modi alifungua sehemu iliyofichwa ya mapenzi. Kuua miaka 17, kulala na mtu 18. Mwenye kuelewa anieleweshe.

Na fungu la vita, lile ambalo watu hawalijui. This War of Mine, la Wapoland, 2014, limechukua wazo kwenye mji wa Sarajevo ulivyozingirwa. Wewe sio askari, wewe ni raia mmebanana kwenye nyumba iliyotobolewa, mchana mnatengeneza jiko, usiku mmoja anatoka kutafuta chakula. Kuna nyumba moja wanaishi mzee na mkewe, dawa wanazo, chakula wanacho, na hawana silaha. Ukiwaibia hakuna anayekuzuia, mzee anakufuata nyuma anakuomba tu. Unarudi na begi limejaa na mtu wako anaanza kusononeka, anaburuza miguu. Kwa hesabu hilo nalo ni gemu la vurugu, na mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuliingiza kwenye orodha ya vitu vya kusoma vya wanafunzi wa sekondari.

Ukatili wa kweli nilioushuhudia kwenye ulimwengu huu haukuwa kwenye skrini hata siku moja, ulikuwa kwenye maiki. Binti akiingia kwenye mechi ya mtandaoni akasema "habari zenu" tu, matusi yanayofuata siwezi kuyaandika. Mwaka 2014 kwenye ile fujo ya Gamergate wanawake wanaotengeneza magemu walitishiwa kubakwa na kuuawa mpaka wengine wakahama nyumba zao, na waliofanya ni wazamivu wenzetu, watu walioona bwawa ni lao peke yao. Lebo ya M haikamati hilo.

Kwetu lebo yenyewe hata haifiki, diski ya bandani imechomwa, juu imeandikwa kwa maka peni TEKEN NA MPIRA. Kwa hiyo dada nilimjibu hivi: hilo ni la kupigana, kaa na mwanao kitandani umuulize hao wanaopigana ni akina nani. Ila uwe na nafasi. Huyu ambaye jina la babu mzaa baba yake alilikosea msibani atakutajia Heihachi, mwanae Kazuya, mjukuu Jin, nani alimtupa nani genge gani na kwa kinyongo kipi, na ukimkatisha ataanza upya.