Ndimu Moja Ni Kiasi Gani?

Miaka yote niliyofanya kazi ya baa katika hoteli moja huko Mombasa, neno "ndimu" halikuwahi kunisumbua. Ndimu ilikuwa ile ndogo ya kijani, ganda jembamba, ukiipasua harufu yake inakufikia kabla hujaikamua. Nikarudi Kisumu na sanduku la vitabu vya mapishi nilivyokusanya safarini, pamoja na daftari langu la kokteli, nikaanza kuwakaribisha watu nyumbani. Usiku wa kwanza daikiri yangu, ile kokteli ya ramu, ndimu na shira ya sukari, iliwakunja wageni uso. Ramu ilikuwa ile ile niliyoizoea, shira niliichemsha mwenyewe, na daftari lilisema wazi: ndimu mbili kwa kila glasi.

Kosa lilianzia sokoni. Pale Kibuye nilikuwa nimeuziwa ndimu kubwa za manjano, ganda nene lenye vinundu, zile zinazoota nyuma ya nyumba nyingi huku kwetu. Niliporudi nikamuuliza yule mama aliyeniuzia kama hana zile ndogo. Akanitazama kwa huruma. "Mwanangu, ndimu ni ndimu."

Kwa chai ya ndimu na kwa samaki wa kukaanga, mama yule ana haki. Lakini nilipokaa jikoni na kikombe cha kupimia, ndimu ndogo ya kijani ilinipa mililita 10 hadi 15, na ile kubwa ikanipa 40, wakati mwingine zaidi. Kumbe nilikuwa nimewanywesha watu mara tatu ya kipimo! Wiki ile nilipitia daftari zima nikafuta kila mahali palipoandikwa "ndimu moja" na kuandika mililita. Ninakuomba ufanye vivyo hivyo na kitabu chochote unachokipenda, maana aliyekiandika alikuwa na ndimu za soko lake.

Ujazo ukishajulikana, uliza ukali. Maji ya ndimu yana asidi ya sitriki ya karibu asilimia 5 au 6, na limau halipishani nayo sana. Chungwa tamu lina karibu asilimia 1 tu. Ndiyo maana ukikosa ndimu ukaweka chungwa kwa kipimo kile kile, kinywaji kinalala, kinakuwa utamu mtupu. Pasheni iko katikati, kwa hiyo ninaiongeza kidogo na kupunguza shira.

Daikiri ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu haina pa kujificha. Jina lake linatokana na Daiquirí, kijiji cha machimbo ya chuma karibu na Santiago de Cuba. Ninaweka ramu nyeupe mililita 60, maji ya ndimu 25, na shira 20, shira yenyewe ikiwa sukari na maji kwa uzito sawa. Kisha barafu, na hapa joto la Kisumu lina neno lake. Kutikisa kunapoza, na wakati huo huo kunaongeza maji. Maji hayo yanatakiwa, ndiyo yanayotuliza ukali wa ramu. Lakini barafu iliyokaa mezani dakika kumi imeshalowa, na itakupa maji mengi kabla ya kukupa baridi. Mimina vyote kwanza, ndipo ufungue friza, tikisa kwa nguvu sekunde 12 hivi, chuja.

Dawa, ile kokteli ya hoteli zetu, ni ndugu wa kaipirinya ya Brazil. Wao hutumia cachaça, pombe kali ya miwa, na sukari; sisi vodka na asali. Zote mbili zinapondwa pamoja na ganda la ndimu, kwani ndani ya ganda mna mafuta yenye harufu ambayo kwenye maji ya ndimu hayapo. Hapo ndimu ya vinundu inakuangusha, kwa kuwa utando wake mweupe ni mnene na ukiupondaponda unatoa uchungu. Kama ndiyo pekee uliyo nayo, menya vipande vyembamba vya ganda la juu, ponda hivyo, kisha ongeza maji yake kwa kipimo. Asali nayo ilegeze mapema kwa maji ya moto, asali mbili kwa maji moja, la sivyo itaganda chini kwenye barafu na kijiti cha kukorogea hakitaifikia.

Sasa samaki, kwani kusema kweli hapa ndipo ndimu ilipoushika moyo wangu.

Nilirudi kutoka Pwani nikitamani samaki wa kupaka, nikaenda Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria hapa Kisumu, nikanunua ngege, yaani tilapia. Wageni wa mbali hulalamika kwamba samaki wa ziwa ananuka tope. Harufu hiyo hutokana na kitu kiitwacho jiosmini, ambacho hutengenezwa na bakteria wa majini, wakiwemo wale wanaoigeuza Ghuba ya Winam kuwa ya kijani. Ni kitu kile kile tunachokinusa mvua ya kwanza inapopiga udongo mkavu. Pua ya binadamu inakihisi hata kikiwa kidogo mno, na asidi inakivunja. Bibi zetu walipompaka samaki ndimu walikuwa wanafanya kazi sahihi kabisa.

Mpasue ngege mmoja mkubwa, mpake maji ya ndimu mililita 30, chumvi, saumu na tangawizi, umwache dakika 15. Ukimwacha saa nzima nyama ya juu inakuwa nyeupe na kukauka kama chaki, kwa kuwa asidi imeshaigeuza protini. Wapo wanaoishia hapo na kumla hivyo, kama wafanyavyo Peru kwa samaki wa bahari. Kwa samaki wa ziwa ninakataa kabisa: ndimu inageuza nyama lakini haiui minyoo. Mchome kwenye makaa hadi aive.

Ukwaju, chwa kwa Kijaluo, loweka gramu 50 katika mililita 150 za maji ya moto, ukamue na kuchuja. Chemsha tui zito kwa moto mdogo na bizari na pilipili hadi lishike mwiko, kisha tia vijiko vitatu vya ukwaju mwishoni, maana ukitangulia tui linakatika. Mpake samaki, mrudishe kwenye makaa, mgeuze, mpake tena.

Ukwaju uliobaki usiumwage. Mililita 40 zake, shira 20, maji ya tangawizi kijiko kimoja, ujaze maji baridi: hicho ndicho kinywaji cha wasiotumia pombe mezani kwangu, na ndicho kinachoisha kwanza. Anayetaka ramu anaongezewa 45, maji yanapunguzwa.